Nani Apeleke Swali kwa Hifadhidata?

Ng'iresi ni kijiji cha miteremko ya Mlima Meru, juu kidogo ya jiji la Arusha. Wenyeji wamelizoea jina hilo tangu utotoni, lakini programu iliyoandikwa kwa haraka hukwama kwenye ritifaa yake. Mtu anayetengeneza rejista ya wanachama wa SACCOS, au ya wakulima wa kahawa wa AMCOS fulani, akiyachukua maneno aliyoyaandika karani na kuyabandika moja kwa moja kwenye amri ya SQL, atapata mstari huu:

SELECT jina FROM wanachama WHERE kijiji = 'Ng'iresi'

Hifadhidata huichukulia ritifaa ya kati kuwa ndiyo mwisho wa neno. Inasoma Ng, inafunga, halafu inakuta herufi nyingine zilizobaki nje, haijui izifanyie nini, na inaikataa amri yote. Ng'ambo ya Zanzibar italeta shida hiyo hiyo, na Lang'ata ya Nairobi vilevile, pamoja na majina mengi ya Usukumani. Vitabu vingi vya kufundishia programu vimejaa mifano ya akina Smith na Jones, ambao hawana ritifaa. Ndiyo maana kasoro hii huweza kuvuka majaribio yote ya maabara na kujitokeza siku ya kwanza ya kazi, wakati mwanachama halisi amesimama mbele ya dirisha.

Hata hivyo, kosa la Ng'iresi lina heri yake, kwa sababu linapiga kelele. Skrini inaonyesha ujumbe, karani analalamika, fundi anaitwa. Yapo makosa mengine ya kuuliza data ambayo hayasemi lolote: ripoti inatoka, jumla inaonekana nzuri, na namba ni za uongo. Anayechagua njia ya kuifikia hifadhidata anachagua pia ni makosa yapi yatamfikia kwa sauti na yapi yatanyamaza. Hilo lina uzito kuliko kasi, ingawa mabishano mengi ya waandishi wa programu huanzia kwenye kasi.

Njiro, jijini Arusha, ni mtaa unaofaa kulijadilia jambo hili. Juu ya kilima kipo Chuo cha Uhasibu Arusha, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1990, ambacho siku hizi kinafundisha sayansi ya kompyuta sambamba na hesabu za fedha. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, nayo ina makao yake mtaa huohuo, na kazi ya kuhesabu wanyama ni kazi ya data tangu mwanzo hadi mwisho. Mhasibu na mtafiti wa tembo hawafanani, lakini wote wawili wana majedwali, na wote wawili wanahitaji kitu cha kupeleka swali na kurudi na jibu.

Kitu hicho ndicho waandishi wa programu wanachokiita objekti ya kufikia data. Hufanya kazi ya karani wa masjala: mwombaji haingii ghalani kupekua mafaili, anataja anachotaka, karani anakwenda na kumletea. Tatizo ni kwamba makarani wako wengi, na kila mmoja ana tabia zake.

Microsoft Access ilipotoka mwaka 1992, karani wake alipewa jina la DAO. Alijengwa kwa ajili ya injini moja tu, Jet, iliyokuwa ndani ya Access yenyewe. Mwaka 1996 Microsoft ikaleta ADO, karani mwenye tamaa kubwa zaidi, aliyekusudiwa kuzungumza na hifadhidata yoyote mradi kuna kiungo cha kumfikisha. Ujumbe wa miaka ile ulikuwa kwamba DAO amezeeka, kila mtu ahamie ADO, na Access 2000 ilipotoka faili jipya lilikuja na ADO peke yake. Miaka michache baadaye mambo yakageuka. Access 2003 ilimrudisha DAO, na Access 2007 ikaja na injini mpya, ACE, ambayo DAO ndiye mwenyeji wake. Watu waliokuwa wameandika upya kazi zao zote kwa kuamini matangazo walijikuta wamehama nyumba isiyobomolewa.

Habari hizi za Access si historia ya mbali kwa Afrika Mashariki. Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye hifadhidata ya Access iliyolindwa na umeme wa akiba. Katika miezi sita ziliingizwa ziara 10,000 za wagonjwa 6,190. Kazi ile ilikua ikawa mfumo wa mpango wa AMPATH, unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na ndani yake likaota wazo la OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa uliobuniwa kuanzia 2004 na kuanza kutumika Eldoret mwaka 2006. DHIS nayo, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ilianza maisha ndani ya Access kabla haijaandikwa upya na kuwa DHIS2 inayotumiwa leo na wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda. Tena ofisi ndogo nyingi bado zina faili la Access kwenye kompyuta moja ya mapokezi, na halina dalili ya kuondoka.

Kwa hiyo swali la DAO au ADO bado linaulizwa, na linastahili jibu la moja kwa moja: data ikiwa ndani ya faili la Access, chukua DAO. Anaijua injini kwa ndani, huhitaji kumfungulia muunganisho mwingine, na mambo mengine ya Access hufikiwa kwa urahisi kupitia kwake tu. ADO anafaa pale swali linapokwenda kwa seva ya nje, au pale mtu anaporithi msimbo mkubwa uliokwisha kuandikwa hivyo.

Hatari hasa ni kuwachanganya wawili hao bila kujua. Wote wana objekti iitwayo Recordset. Mwandishi akitangaza Recordset bila kutaja ni ya nani, Access huangalia orodha ya maktaba zilizowashwa na kuchukua iliyo juu. Faili likihamia kompyuta nyingine yenye mpangilio tofauti, msimbo uliokuwa ukifanya kazi jana unakataa leo kwa kosa namba 13, la aina zisizolingana. Dawa yake ni fupi: andika DAO.Recordset au ADODB.Recordset kila mara, hata kama inachosha.

Kosa hilo nalo linapiga kelele. Linalofuata halipigi. Mtu anayetafuta wanachama wote ambao majina yao yanaanza na Moll, kwa DAO ataandika LIKE 'Moll*', na kina Mollel wote watatokea. Akiupeleka mstari huohuo kupitia ADO, atapata jibu tupu. Hakuna ujumbe wala onyo, kwa kuwa ADO inatarajia alama ya asilimia mahali pa nyota, na kwake nyota ni herufi kama herufi nyingine. Katika mkoa ambao ukoo wa Mollel umejaa kila kata, ripoti inayosema hakuna hata mmoja ingeshtukiwa mara moja. Kwa jina lisilo la kawaida, nani angeshtuka?

Tarehe ni mbaya zaidi. Mtanzania huandika siku kwanza, kisha mwezi: 3/4/2024 ni tarehe tatu Aprili. SQL ya Access, tarehe ikifungwa kati ya alama mbili za reli, huisoma Kimarekani, na hiyo inakuwa tarehe nne Machi. Ikikutana na 13/4/2024 huona kwamba hakuna mwezi wa kumi na tatu, basi inageuza yenyewe kimyakimya na kuisoma sawasawa. Matokeo ni kwamba siku kuanzia tarehe 13 hadi mwisho wa mwezi ziko salama, na katika zile 12 za mwanzo, 11 zinasomwa vibaya, ikinusurika ile tu ambayo siku na mwezi vina namba moja. Kwa mwaka ni siku 132. Mfumo wa mikopo unaotafuta marejesho kwa njia hii utatoa majibu sahihi nusu ya pili ya mwezi na majibu ya ovyo nusu ya kwanza, na mhasibu atahangaika kutafuta wizi ambao haupo.

Dawa ya Ng'iresi na dawa ya tarehe ni moja, nayo ipo kwa makarani hawa wote wawili: parameta. Badala ya kubandika thamani ndani ya sentensi, mwandishi anaacha nafasi, kisha anaikabidhi thamani pembeni ikiwa na aina yake. Kwa DAO hufanywa kwa QueryDef, kwa ADO hufanywa kwa Command. Injini inapokea sentensi peke yake na thamani peke yake, haivichanganyi. Ritifaa inabaki kuwa sehemu ya jina, tarehe inabaki kuwa tarehe, na mtu mwenye nia mbaya anayeandika kipande cha SQL kwenye kisanduku cha nywila hafiki popote, maana alichokiandika kinalinganishwa kama neno tu.

Wanafunzi wengi wanaoanza na wavuti hukutana na uchaguzi huohuo upande wa PHP. Hapo makarani walikuwa watatu. Wa kwanza, maktaba ya mysql, hakuwa na parameta kabisa. Alitangazwa kuwa anastaafu mwaka 2013 na kuondolewa moja kwa moja kwenye PHP 7 mwishoni mwa 2015, ingawa masomo ya mtandaoni yanayomtumia yangali yanazunguka na kunakiliwa. Waliobaki ni mysqli, wa MySQL pekee, na PDO, anayezungumza na hifadhidata za aina nyingi. Anayeanza mfumo mpya leo hana sababu kubwa ya kuacha PDO: parameta zake zina majina yanayosomeka, na siku ofisi ikihama kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, kazi ya kubadilisha inapungua ingawa haiishi. Lakini matoleo ya zamani yana mtego. Kabla ya PHP 8.0, iliyotoka mwishoni mwa 2020, PDO alinyamaza swali lilipokataliwa, mpaka mwandishi amwambie atoe sauti. Seva nyingi za bei nafuu ziliendelea na matoleo ya nyuma kwa miaka. Anayerithi mfumo wa namna hiyo aanze kwa kuangalia mpangilio wa makosa, kabla hajagusa kitu kingine.

Juu ya makarani hao kuna tabaka jingine, linalojulikana kwa herufi ORM. Hapa mwandishi haandiki SQL. Anasema mwanachama, anasema mikopo yake, na maktaba inatunga maswali kwa niaba yake. Hibernate ya Java ilianza 2001, Django ya Python ikatoka 2005, na Laravel, inayopendwa sana na watengenezaji wa mifumo ya PHP Tanzania na Kenya, ikatoka 2011 ikiwa na Eloquent ndani yake. Utamu wake ni wa kweli. Fomu ya kusajili na kuhariri wanachama, ambayo ingechukua mistari mingi, huandikwa kwa mistari michache inayosomeka, na parameta zinawekwa bila kuombwa.

Gharama yake imejificha kwenye safari. Chukua ukurasa unaoorodhesha wanachama 200, kila mmoja na mkopo wake wa mwisho. ORM iliyoachwa ijiendee inauliza mara moja kupata orodha, kisha inauliza mara moja kwa kila mwanachama: safari 201. Kwenye kompyuta ya mwandishi, ambako hifadhidata iko kwenye diski ileile, hakuna atakayegundua. Sasa programu ikiwa inaendeshwa Njiro na hifadhidata imekodishwa kwenye seva ya Frankfurt, hesabu inabadilika. Arusha na Frankfurt zimeachana kilomita zipatazo 6,500 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 65 kwa uchache, hata kama nyaya zingenyooka, na hazinyooki. Safari 201 zinazofuatana haziwezi kupungua sekunde 13. Seva ya bei ghali zaidi haitasaidia, maana muda wote huo unaishia njiani.

Eloquent inaweza kuleta mikopo yote kwa swali moja la ziada endapo mwandishi ataiomba mapema, na Hibernate ina njia zake. Tangu toleo la 8, Laravel inaweza pia kuamriwa itoe kosa kila inapojaribu kwenda safari za kimyakimya. Mpangilio huo ungefaa uwashwe kwenye kila mradi wa mwanafunzi tangu wiki ya kwanza, kwa sababu unageuza kosa la kunyamaza kuwa kosa la kelele.

Namna mifumo mikubwa ilivyolitatua jambo hili inafundisha kuliko mabishano. Ndani ya OpenMRS, kila kundi la data lina kiolesura chake cha kufikia data. Kuna PatientDAO inayotaja kinachoweza kuulizwa kuhusu mgonjwa, na HibernatePatientDAO inayotekeleza. Herufi ni zilezile za DAO ya Access, lakini hapa zinataja mtindo wa kupanga msimbo, uliopata umaarufu katika ulimwengu wa Java mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sehemu nyingine za programu hazijui kama chini kuna Hibernate au kitu kingine. Faida yake huonekana baada ya miaka mitano, waandishi wa mwanzo wakiwa wameshaondoka na mgeni anatafuta ni wapi swali fulani linatungwa.

OpenMRS huhifadhi karibu kila kipimo cha mgonjwa kama mstari mmoja kwenye jedwali moja refu la uchunguzi: uzito mstari wake, shinikizo la damu mstari wake. Kwa daktari anayefungua faili la mgonjwa mmoja, ORM inatosha kabisa. Kwa mtu anayetaka ripoti ya robo mwaka ya wagonjwa wote wa wilaya, kupakia objekti moja moja ni kujitesa. DHIS2 iliamua kutumia njia mbili. Mipangilio yake, kama vile orodha za vituo, fomu na watumiaji, hupitia Hibernate. Takwimu za kuchambuliwa humiminwa kwenye majedwali maalumu, kwa kawaida usiku, kisha huulizwa kwa SQL iliyotungwa moja kwa moja dhidi ya PostgreSQL. Hakuna aliyeshinda kati ya ORM na SQL: kila moja imepewa kazi inayoiweza. Timu ya watu watatu inayotengeneza mfumo wa shule au zahanati inaweza kufuata mgawanyo huohuo bila kuwa na bajeti ya DHIS2, fomu zikienda kwa ORM na ripoti kwa SQL yenye parameta.

Mgawanyo huo unadai jambo moja ambalo ORM huwashawishi watu kuliruka, yaani kuijua SQL yenyewe. Anayeijua atasoma maswali yaliyotungwa na maktaba na kuona safari 201 zikijitokeza. Asiyeijua atabaki kulaumu mtandao.

Parameta nazo zina mpaka wake. Zinabeba thamani tu, hazibebi jina la jedwali wala la safu. Ukurasa unaomruhusu mtumiaji achague orodha ipangwe kwa jina, kwa kijiji au kwa salio, ukichukua neno alilolituma na kuliweka baada ya ORDER BY, umefungua upya tundu lililokwisha kuzibwa. Jina la safu lichaguliwe kutoka orodha iliyoandikwa ndani ya programu, na lisilokuwemo likataliwe. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipoanza kufanya kazi, anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kisheria wa kuzilinda. Tundu la namna hii halihesabiki tena kuwa uzembe wa fundi peke yake.

Kwenye simu, hali ni tofauti kidogo. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, na intaneti ikadhoofika karibu Afrika Mashariki yote, programu zilizoweka data kwenye simu yenyewe ziliweza kuendelea kuandika na kusoma. Android ina SQLite ndani, na tangu 2017 Google inatoa maktaba ya Room, ambayo pia huweka maswali kwenye kiolesura kinachoitwa Dao. Sifa yake kubwa ni kwamba mwandishi anaandika SQL yake mwenyewe, lakini Room huikagua wakati programu inajengwa. Akikosea jina la safu, programu haijengeki, sembuse kumfikia mkaguzi wa mifugo aliye Longido. Kwa kipimo cha kelele na ukimya, hapo Room inawapita karibu makarani wote waliotajwa.

Linabaki lile faili la Access la mapokezi. Siku litakapokaribia ukomo wake wa gigabaiti 2, au watu sita watakapolihitaji kwa pamoja, ushauri wa haraka huwa ni kutupa vyote na kuanza upya. Si lazima. Majedwali yanaweza kuhamia SQL Server au PostgreSQL, Access ikabaki na fomu zake, zikiwa zimeunganishwa kwa ODBC, na msimbo mwingi wa DAO ukaendelea kufanya kazi. Kitu cha kuwahi ni maswali yanayotumia fanksheni zilizoandikwa ndani ya Access: seva haizijui, kwa hiyo injini ya Access huenda ikavuta jedwali zima kupitia mtandao ili izikokotoe yenyewe, na swali la sekunde moja likawa la dakika. Maswali hayo yaandikwe upya kwa SQL ya seva na kupelekwa kupitia QueryDef ya kupitisha, inayofikisha sentensi kama ilivyo bila Access kuigusa. Majibu yake hayahaririki, hivyo yanafaa kwa ripoti. Fomu za kuhariri ziendelee na majedwali yaliyounganishwa.